Ya Kupakata

Dar es Salaam,
2 Machi 1998

Nyogokuru,

Shikamoo bibi yangu. Mimi mjukuu wako Arcade ni mzima, kile kikohozi kimeniacha. Poleni na mvua. Redio inasema reli imekatika tena, kwa hiyo sijui barua hii itafika Katumba lini. Vipi maharage, yameoza au yamesalimika? Vipi magoti yako?

Bado niko kwenye kile kiwanda cha uchapaji, nashinda mbele ya kompyuta napanga kadi za harusi na kalenda. Sasa nataka kununua kompyuta yangu mwenyewe. Si ya mezani. Ni ile inayokunjwa kama kitabu, unaiweka mapajani. Hapa kazini tunaiita ya kupakata. Wenyewe wanasema ni ya multimidia, maana inatoa sauti na picha, siyo maandishi matupu.

Nakuambia sababu. Unakumbuka mwaka 1993 nilimrekodi Babu Yohani kwenye kaseti, akihesabu vilima mlivyopita kwa miguu mwaka 1972 kutoka Burundi mpaka mtoni? Kaseti zinachakaa, Nyogokuru. Mashine hii inaweza kuichukua sauti ya Babu na kuitunza, na haichakai kwa kusikilizwa. Karatasi imeisha, naendelea kwenye ya pili.

Basi nimeona tatu, na zote nimezipakata. Ya kwanza ni nyembamba, ina sura nzuri sana, haifiki kilo mbili na nusu, lakini ukikaa nayo nusu saa inapata joto mpaka mapaja yanaungua. Ya pili ni ya kijivu, ina sauti kubwa na akili nyepesi, ila shingo yake imelegea. Ya tatu ni nyeusi, nzito, kilo tatu na nusu. Inachelewa kuamka, lakini haina neno. Zote zimepitia mikononi mwa watu wengine kabla yangu. Sijui nichukue ipi. Nikishachagua nitakuja nayo Krismasi, uipakate na wewe. Usimwambie mtu kwanza.

Ni mimi mjukuu wako,
Arcade

*

Katumba,
19 Aprili 1998

Arcade mwuzukuru wangu,

Marahaba. Nimeamka, nimekula, magoti yananisema, lakini nayajibu. Maharage yameoza nusu. Kuku wamebaki sita, mmoja kichaa.

Barua yako imefika jana na imeloa. Karatasi ya kwanza imekuwa maji ya kufulia. Nimeianika juu ya jiwe nikaona "Shikamoo" na "Babu," basi. Karatasi ya pili nimeisoma yote mwenyewe kwa kidole, sikumpa katekista Cletus anisomee, na namshukuru Mungu sikumpa.

Tatu, Arcade? Tatu!

Kwanza mtoto hasemwi "tatu." Husemwa "watatu." Sisi Warundi wa Katumba ndio tunaochekwa kwamba ya na wa tunazichanganya, lakini mimi nilisoma ngumbaru miezi minane na wewe umemaliza sekondari. Pili, mama zao wako wapi? "Zimepitia mikononi mwa watu wengine," ndiyo kusema nini? Na wewe umekaa hapo unachagua mtoto kama mtu anayegonga sufuria gulioni!

Sikiliza. Huyo mwenye joto mpeleke hospitali leo, usingoje kujibu barua hii. Joto la kuunguza mapaja halinyweshwi majani. Huyo wa kijivu, kama ni wa kijivu kweli, hana damu, na yeye apelekwe. Shingo kulegea ni kawaida, we mjinga. Mtoto mchanga shingo yake lazima ilegee, unamshika nyuma ya kichwa. Hakuna aliyekufundisha? Mweusi ndiye mzima. Kilo tatu na nusu ni mtoto kamili, hata mizani ya kliniki haimlalamikii. Anachelewa kuamka kwa sababu anakua. Nimezaa saba, nimefika Katumba na sita, najua ninachosema. Huyo wa saba usiniulize.

Sijamwambia mtu. Lakini nimetoa sandukuni kile kitenge cha kubebea nilichombebea baba yako, nimekifua, kiko kwenye kamba. Wameniuliza cha nini, nimewaambia cha kufunikia ugali.

Uje nao wote watatu, mjinga wewe.

Nyokuru wako,
Hilaria

*

Dar es Salaam,
17 Mei 1998

Nyogokuru,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nimesimama posta, watu wakanitazama kwa nilivyocheka, halafu nikaona aibu kwa ajili ya kitenge. Nisamehe. Siyo watoto. Ni kompyuta. Sina mtoto, na mchumba ninayemfikiria hata hajui kwamba namfikiria.

Karatasi iliyolowa ilieleza yote. Nataka mashine ya kutunzia sauti ya Babu. Unachukua redio kaseti, unaunganisha waya mpaka kwenye tundu la kompyuta, kaseti inaimba huku kompyuta inasikiliza na kuandika. Baadaye unaibonyeza, inarudia sauti ile ile, leo na miaka kumi.

Yenye joto ni ile nyembamba: wameibana sana, haina pa kupumulia. Shingo ni bawaba za kifuniko, maana kioo kiko ndani ya kifuniko, na hiyo ya kijivu ukiifungua kifuniko kinaanguka nyuma chenyewe. Nyeusi inachukua dakika tatu nzima kuamka tangu uiwashe. Mwenye duka, bwana Isidori, anasema kwa bei yangu niichukue ya kijivu, ndiyo yenye mbio kuliko zote, na kwamba nyeusi ni ya wazee.

Sasa ombi. Kaseti iko kwako. Unajua Babu hakuniruhusu kusikia mwisho wake. Alifika kilima cha kumi na moja akaniambia, "Weka hapo, nenda shule, cha kumi na mbili nitakisema mwenyewe." Alikisema akiwa peke yake, mimi sijakisikia hadi leo. Nitumie kaseti, Nyogokuru. Ifunge kwa nguo, uiandikishe posta.

Arcade

*

Katumba,
28 Juni 1998

Arcade,

Marahaba. Kitenge nimekirudisha sandukuni. Umenifanya nifulie kompyuta. Nimecheka peke yangu siku mbili, lakini hilo halikupunguzii kosa.

Tumevuna mahindi. Masalu, yule Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake ng'ambo ya kijito, amenipa maziwa kwa sababu mbwa wake alimkamata kuku wangu. Siyo yule kichaa. Ningefurahi angemkamata yule kichaa.

Nimemuuliza Masalu mtu anachaguaje kati ya vitu vitatu asivyovijua. Akasema, "Bibi, mimi hatazami pembe. Mimi anamtembeza kwenye tope kwanza." Huyo naye na Kiswahili chake. Lakini amesema kweli. Wewe unaniandikia sura nzuri, rangi, mbio. Hizo ni pembe. Tope lake uliliona?

Kwa hiyo nijibu haya yote, usiruke hata moja.

Kifuniko cha nyeusi kina bawaba za chuma au za plastiki? Sanduku langu nimetoka nalo Kigoma mwaka 1973, limebaki kwa sababu bawaba zake ni chuma, mbao zote nimeshabadilisha. Kifungue na kukifunga mara hamsini mbele ya huyo Isidori, uone anakunja uso mara ya ngapi. Akikunja mapema, hiyo usinunue.

Halafu ishike pembe moja tu, kama sinia. Inalia? Inajipinda?

Na huko kuandika sauti, inaweza kufanya huku inafanya kingine? Mimi napika maharage, natazama kuku na kusali, na maharage hayaungui. Hiyo yenye mbio, ukiipa kazi mbili inakumbuka zote mbili, au ina mbio kama yule kuku wangu, anakimbia na hajui aendako?

Umeme je? Huku hakuna. Inakaa muda gani kwa betri? Nisingependa mzee wangu akatwe maneno katikati. Alichukia kukatwa maneno.

Na imeandikwa bei, lakini haijaandikwa itakuwaje baada ya mvua tano. Uliza hilo.

Swali la mwisho, la kujua tu. Kama kuna sauti, halafu juu yake imekaa sauti nyingine, kwa bahati mbaya, hiyo mashine inaweza kuifunua ile ya chini? Kama unavyofunua mkeka? Nauliza tu.

Kaseti situmi. Posta inaloweka.

Nyokuru wako,
Hilaria

*

Dar es Salaam,
26 Julai 1998

Nyogokuru,

Shikamoo. Nimefanya kama ulivyosema. Isidori alikunja uso kwenye ya kijivu mara ya saba. Akaniambia, "Kijana, unanunua au unafanya mazoezi?" Nikamwambia nimetumwa na bibi yangu. Kwenye nyembamba alikunja mara ya ishirini. Nyeusi nilifika hamsini, yeye akawa anakunywa chai tu. Bawaba zake ni chuma.

Pembe moja: nyembamba inajipinda kama chapati, ya kijivu inalia kwenye kona. Nyeusi kimya, ila mkono uliniuma.

Kazi mbili kwa pamoja: ya kijivu inafungua kila kitu upesi, kisha inaganda na kusahau ulichoiagiza. Nyembamba inafanya, lakini kwa kusotasota. Nyeusi inafanya moja, inamaliza, inachukua nyingine. Betri: nyembamba saa mbili, ya kijivu na nyeusi saa moja na nusu. Upande wa kaseti ni nusu saa, kwa hiyo Babu hatakatwa. Na parokia ya Mpanda wana jenereta, tunaweza kuchaji hapo.

Mvua tano, nilimuuliza Isidori. Alisema hakuna mteja aliyewahi kumuuliza.

Swali lako la mwisho. Hapana, Nyogokuru. Kaseti ikirekodiwa juu, ile ya chini imefutwa. Si mkeka. Hakuna mashine inayoweza.

Kwa nini umeuliza?

Arcade

*

Katumba,
6 Septemba 1998

Arcade,

Sisemi habari za kuku leo.

Dada Pelagia wa kwaya anakuja Dar kutibiwa macho. Nimempa kaseti mkononi, nimeifunga kwenye kile kitenge, kimepata kazi. Usimuulize kitu, hajui kitu. Sikiliza ukiwa peke yako. Na usinihurumie kwa barua, sipendi.

Hilaria

*

Dar es Salaam,
11 Oktoba 1998

Nyogokuru,

Shikamoo. Dada Pelagia amefika, jicho moja limeshafanyiwa kazi, anakusalimu. Kaseti imefika kavu.

Isidori ameniruhusu kukaa dukani Jumapili likiwa limefungwa. Niliunganisha redio kwenye mashine zote tatu, moja baada ya nyingine, kipande kile kile, Babu akitaja kilima cha tisa. Nikarudia kusikiliza kila moja ilichoandika.

Nyembamba imeandika sauti ya Babu pamoja na mlio wake yenyewe wa ndani, kama nyuki kwenye debe. Ya kijivu inatoa sauti kubwa inayojaza duka, lakini imeruka maneno. Kilima cha tisa kimekuwa nusu kilima. Nyeusi ilichelewa kuamka, nikakaa naitazama nikisema Masalu wetu angeshaondoka. Kisha ikaandika. Spika zake ndogo, hazina fahari. Lakini nilimsikia Babu akimeza mate kabla ya kutaja jina. Sikuwahi kusikia hilo, hata siku nilipomrekodi.

Nikaiachia iendelee. Ilipita kilima cha kumi, cha kumi na moja. Nikasikia akinifukuza niende shule. Kisha akiwa peke yake akasema, "Tukafika cha kumi na mbili, mto tunauona chini, na hapo tukamwacha..."

Pakalia kitufe. Wakaja kuku. Ukaja wewe.

Nakuandikia ulichosema kwa sababu nadhani hukumbuki. "Yohani, ongeza sauti! Mbona unanong'ona kama mwizi? Nimebonyeza vyote viwili na bado husikiki. Paa linavuja pale pale ulipoliacha. Ulisema utaliziba baada ya kuvuna, ukavunwa wewe. Sema basi jina lake nilisikie, mimi silitaji, wewe ndiye uliyekuwa unalitaja. Toka hapa we kuku kichaa!" Dakika nne. Halafu kimya mpaka mwisho.

Kosa ni langu pia. Nyuma ya kaseti kuna vijimeno viwili vya plastiki. Ukivivunja, kitufe chekundu hakikubali kurekodi tena. Nilipaswa kuvivunja mwaka 1993. Sikuvivunja.

Sijafuta hata neno lako moja. Nimeyatunza yote, na kuku. Nimenunua nyeusi. Nitafika nayo tarehe 23 Desemba.

Arcade

*

Katumba,
10 Januari 1999

Arcade mwuzukuru wangu,

Marahaba kabla hujaniamkia. Natumaini treni haikukutikisa sana na mashine uliiweka mapajani, siyo juu ya wavu wa mizigo. Masalu anauliza ile "redio yenye kioo" itarudi lini, anataka kumrekodi fahali wake. Kuku kichaa ametaga, nikamsamehe.

Hujaniandikia tangu uondoke, na najua kwa nini. Hujasikiliza. Siku ile ulinibonyezea mashine inirekodi, nikakufukuza nje kama alivyokufukuza babu yako, ukaenda ukakaa kwa Masalu mpaka nilipokuita. Ukarudi, ukafunga kifuniko, hukuuliza kitu. Nilifurahi hukuuliza. Sasa nakasirika huulizi.

Nikueleze mambo ya vitufe, maana niliona aibu kuyasema uso kwa uso. Sauti ya mzee ilikuwa inapungua kila mwezi. Nilikuwa naicheza kila nikichambua maharage, nikafikiri kimechoka kile kitufe kimoja kuvuta peke yake. Nikabonyeza na chekundu kisaidiane nacho, kama Masalu anavyofunga ng'ombe wawili kwenye plau. Ndivyo nilivyomfuta. Alikuwa amebeba jina lile miaka ishirini na mitatu, mpaka anafariki, ili mimi nisilibebe, nikamnyang'anya kwa kidole.

Sasa habari ya mashine, kwa sababu uliniuliza maoni yangu na sijayatoa. Ni nzito, na hilo ndilo zuri lake. Kitu chepesi ukikiweka mapajani unasahau kwamba kipo. Kifuniko kinafunga kama sanduku langu. Inachelewa kuamka, lakini na mimi nachelewa. Hiyo taa yake ya kijani inakonyeza bila adabu, ifunike na karatasi. Huyo Isidori aliyesema ni ya wazee mwambie amesema kweli, asante.

Na joto inapata. Hukuniandikia hilo, ulisema ni nyembamba tu. Robo saa niliyokaa nayo ilianza kupata joto polepole chini, mapajani, upande wa kulia kuliko kushoto. Nilikuwa nimeipakata na mkono mmoja nyuma ya kifuniko kisianguke, kama nilivyokufundisha barua ile ulipokuwa na watoto watatu. Kilo tatu na nusu, uliandika. Huna haja ya kuandika. Mapaja yangu yaliujua uzito huo. Yule wa saba alizaliwa kilima cha kumi, akaishi siku mbili, tukamwacha cha kumi na mbili, chini ya mti wa mvumu, mto tunauona.

Hapo nikasema jina la kilima, na jina lake, taratibu, ili yasiingie vibaya. Kwa mdomo wangu, mara ya kwanza tangu siku ile. Nikasema mara tatu, mara moja kwa kila mashine uliyoipakata, nikacheka kidogo. Hicho kicheko ukikisikia usidhani ni kichaa.

Sitaliandika hapa. Karatasi inalowa. Liko humo ndani.

Subiri dakika zake tatu iamke. Kisha sikiliza, uniandikie jina la shangazi yako, nione kama mashine yako imesikia sawasawa.

Nyokuru wako,
Hilaria